Polisi wa madaraja mawili: Waingereza wanagombania nini hasa?

Ijumaa moja baada ya swala, kijiweni kwetu Chikongola, Mtwara, kijana wa bodaboda alizungusha simu yake watu waone video. Mzungu kajitanda bendera mabegani, kasimama mbele ya mstari wa polisi, anapayuka kwamba anabaguliwa. Polisi wenyewe Wazungu watupu. Mtaa wenyewe wa Uingereza. Kijana akauliza, "Sasa huyu, kwao, na askari wa rangi yake, anabaguliwaje?" Kijiwe kikaangua kicheko hadi muuza kahawa akasita kumimina. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna kashata akasema taratibu, "Zamu yao nao." Kicheko kikaanza upya.

Nilicheka na wenzangu, lakini swali la kijana halikuniacha. Wale wanaopayuka wana jina la malalamiko yao: wanasema polisi wa Uingereza ni wa madaraja mawili, kama treni, hawa wanakaa kwenye viti vya sponji na wale wanabanana kwenye mbao. Na zaidi ya miaka arobaini nyuma, Waingereza weusi walikuwa wanasema maneno hayohayo, ila waliobanana kwenye mbao walikuwa wao. Malalamiko yaleyale, polisi walewale, mdomo tofauti. Mtu akisikiliza kijuujuu ataona lazima upande mmoja unadanganya. Mimi nimeufuatilia ugomvi huu kwa muda, na naona fundo liko pengine. Kila upande una namba zake, na nyingi ni za kweli. Wanatofautiana wanapoanza kugawanya.

Nitaanzia kwenye korosho, maana hesabu hii sisi wa Kusini tunaifahamu bila kujua kwamba tunaifahamu.

Msimu ukifunguliwa, korosho inatakiwa ipite chama cha msingi, ipimwe, iende ghalani, ipigwe mnada. Anayezunguka vijijini kununua pembeni kwa mkulima mwenye shida ndiye mtu wa kangomba, na anatafutwa. Basi usiku barabarani vinaota vizuizi: askari, mgambo, wakati mwingine vijana wa kijiji na kurunzi zao. Pikipiki yenye gunia inasimamishwa. Msimu mmoja nilikuwa nyuma ya pikipiki ya shemeji yangu, tumebeba nusu gunia, korosho za shamba la mama yake. Tulisimamishwa mara tatu kabla ya kufika. Mara ya tatu askari hakuuliza hata korosho ni za nani. Alimmulika shemeji usoni, akamulika gunia, akarudi usoni. "Mnatokea kijiji gani?" Shemeji akataja. Askari akamgeukia mwenzake: "Si nilikwambia?" Gunia likashushwa, kamba ikafunguliwa, mkono ukazama hadi kwenye kiwiko kana kwamba chini ya korosho kuna korosho nyingine. Wakati huo pikipiki mbili zenye magunia kamili zikapita pembeni yetu, dereva mmoja akapunga mkono. Dakika kumi tulizopoteza hazikutuuma sana. Iliyouma ni ile "si nilikwambia".

Sasa tuseme, na nasema tuseme kwa sababu namba hizi nazitunga hapa hapa, kizuizi kile kwa mwezi mmoja kilisimamisha pikipiki 100 za kijiji cha shemeji na 25 za kijiji jirani. Katika zile 100, kangomba ilikutwa kwa watu 10. Katika zile 25, ilikutwa kwa watu 5. Mkuu wa kizuizi atasimama mkutanoni aseme: kijiji hiki kina wahalifu mara mbili ya kile, 10 kwa 5, ndiyo maana tunakikazia. Mwenyekiti wa kijiji naye atasimama: mnatuonea, 100 kwa 25. Wote wanasoma ukurasa mmoja wa daftari moja. Hebu gawanya waliokutwa na hatia kwa waliosimamishwa. Kwa kina shemeji ni mmoja katika kumi. Kwa majirani ni mmoja katika watano. Maana yake, askari akiona pikipiki ya jirani husubiri dalili yenye uzito ndipo anyooshe mkono, lakini akiona ya shemeji, jina la kijiji linamtosha. Hapo upendeleo upo, na haukuhitaji askari hata mmoja awe na chuki moyoni.

Kipimo hiki nacho si msahafu. Wajuzi wa takwimu watakuambia kina tundu: kama kijiji jirani kina wahalifu wachache lakini sugu, wanaotambulika hata kwa mbali, watakutwa kwa wingi hata kama askari ni mwadilifu kama kadhi. Ila ni bora mara mia kuliko kurushiana 100 kwa 25 na 10 kwa 5 hadi jua linazama.

Sasa tuvuke bahari na daftari letu mkononi.

Aprili 1981, mtaa wa Brixton, kusini mwa London, wakazi wengi wenye asili ya visiwa vya Karibi. Polisi walimwaga askari waliovaa kiraia kuwasaka vibaka. Kwa siku chache wakasimamisha watu 943 na kukamata 118. Zaidi ya nusu ya waliosimamishwa walikuwa weusi. Mwisho wa wiki mtaa ukawaka moto. Silaha kubwa ya askari miaka ile ilikuwa kipengele cha sheria ya uzururaji ya mwaka 1824, kilichomruhusu kumkamata mtu kwa kumshuku tu kwamba anarandaranda akiwa na nia ya kutenda kosa. Nadhani neno uzururaji halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Mtwara au Lindi. Kosa hilo kwenye sheria zetu tuliachiwa na mkoloni, na lina ukoo mmoja na kipengele hicho.

Serikali yao ikamtuma Jaji Scarman achunguze. Kipengele kile kikafutwa mwaka huohuo, na mwaka 1984 ikatungwa sheria mpya: askari anayetaka kumpekua mtu awe na sababu ya msingi ya kumshuku, ajitambulishe, aseme anatafuta nini, na aandike. Rangi ya mtu peke yake haihesabiki kuwa sababu. Baadaye, mwaka 1994, wakaongeza mlango wa pembeni: ofisa mwandamizi akihofia vurugu mahali fulani, anaweza kuruhusu watu wapekuliwe kwa saa kadhaa bila kumshuku yeyote hasa. Mlango huo ndio unaolalamikiwa hadi leo.

Ile "aandike" ndiyo imezaa namba zote za ugomvi huu. Katika mwaka ulioishia Machi 2023, mtu mweusi katika England na Wales alisimamishwa na kupekuliwa kwa kiwango cha takriban mara nne ya mweupe. Kambi ya kwanza inaishia hapo: mara nne, kesi imefungwa.

Kambi ya pili inauliza: umegawanya kwa nini? Umegawanya kwa wakazi wote, hadi bibi aliyelala kwake. Askari hasimamishi sensa. Anasimamisha aliyeko barabarani saa nne za usiku mahali ambapo juzi kuna mtoto kachomwa kisu. Tena karibu nusu ya watu weusi wa England na Wales wanaishi London, na London ndiko kwenye upekuzi mwingi, kwa hiyo ukichukua wastani wa nchi nzima namba inavimba yenyewe. Na vijana weusi wanaouawa kwa visu London ni wengi kupita sehemu yao ya wakazi. Mama zao wanazika. Baadhi yao ndio wanaodai polisi wapekue zaidi.

Hoja hizo ni nzito, na sipendi wanaozipuuza kwa kumwita kila anayezitaja mbaguzi. Lakini kambi ya kwanza nayo ina jibu: nani aliamua kwamba mtaa ule ndio upekuliwe? Ukitega madema yako Mikindani tu kila uchao, daftari lako litasema samaki wote wa Kusini wanaishi Mikindani. Upekuzi mwingi wa Uingereza ni wa kutafuta dawa za kulevya, nazo haziko mtaani peke yake. Zinavutwa pia vyuoni na katika majumba ya wenye nazo, ambako askari hapigi hodi.

Kuna wakati walijaribu kupunguza. Theresa May, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, tena wa chama cha Conservative, cha mrengo wa kulia, alibana masharti mwaka 2014. Upekuzi uliokuwa zaidi ya milioni 1 kwa mwaka 2010/11 ukashuka chini ya 300,000 mwaka 2017/18. Uhalifu wa visu ukapanda kuanzia 2014 hivi. "Mmeona?" wakasema wa kambi ya pili. Wenzao wakajibu kwamba miaka hiyohiyo polisi walipunguzwa kwa maelfu na vituo vya vijana vikafungwa kwa kubana matumizi, sasa utajuaje ni lipi limezaa lipi? Mvua na upepo vikija siku moja, huwezi kusema kwa hakika ni kipi kiliangusha mkorosho.

Nitaje Marekani mara moja, kwa sababu huko kuna mfano ambapo daftari lilisema bila kigugumizi. Agosti 2014 askari alimpiga risasi na kumuua kijana mweusi, Michael Brown, katika mji mdogo wa Ferguson, Missouri. Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ikaingia mjini, ikafungua makabati, na Machi 2015 ikatoa ripoti. Watu weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi lakini asilimia 85 ya madereva waliosimamishwa na asilimia 93 ya waliokamatwa. Mpaka hapo ungeweza kubishana kuhusu kugawanya. Lakini wakaenda hatua moja zaidi: dereva mweusi alipekuliwa zaidi ya mara mbili ya mweupe, ilhali uwezekano wa kukutwa na kitu haramu ulikuwa mdogo kwake kwa asilimia 26. Ni shemeji na gunia lake, neno kwa neno. Na chanzo kikubwa walichokitaja ni kwamba manispaa ilitegemea faini kujaza bajeti, ikawa inawahimiza askari waandike faini nyingi. Sitasema zaidi. Kila aliyewahi kuendesha daladala anaweza kuimalizia aya hii mwenyewe.

Neno lililowagawa

Watu wengi wanaposikia ubaguzi wa polisi wanawaza askari mwenye matusi na rungu. Wazee wetu waliuona ubaguzi wa wazi, tena ulioandikwa. Enzi za Mjerumani, viboko vya hamsa ishirini vilikuwa vya Mwafrika. Mwarabu na Mhindi, kwa amri ya serikali yenyewe, hawakuruhusiwa kuchapwa. Huo huhitaji takwimu kuuthibitisha. Unafungua kitabu cha sheria, unausoma.

Ugumu unakuja pale ambapo sheria imeandika usawa, lakini watu wanatoka mlangoni na makovu tofauti. Uingereza jambo hili lina jina la mtu: Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, aliyechomwa kisu na kundi la vijana weupe akisubiri basi huko Eltham, London, usiku wa tarehe 22 Aprili 1993. Rafiki yake Duwayne Brooks, aliyenusurika, polisi walimchukulia kama mtu wa kutiliwa shaka kuliko shahidi na mwathirika. Majina ya watuhumiwa yaliletwa kituoni mapema, ukamataji ukachelewa, kesi ikaanguka. Ilichukua hadi Januari 2012 wawili kutiwa hatiani. Jaji Macpherson, aliyepewa kazi ya kuchunguza uchunguzi wenyewe, alitoa ripoti Februari 1999 akasema polisi wa London wana ubaguzi wa kitaasisi. Kwa maelezo yake, hiyo haina maana kwamba kila askari ni mbaguzi. Maana yake ni kwamba chombo kizima kinashindwa kuwahudumia watu ipasavyo kwa sababu ya rangi, utamaduni au asili yao, na kushindwa huko unakuona kwenye taratibu na mazoea, kwenye ujinga na kutojali, hata pasipo mtu aliyekusudia.

Nilikuwa naona ufafanuzi huo wa kisomi mno mpaka siku niliposafiri na shangazi yangu. Shangazi ni Mmakonde wa Newala, kazaliwa huko na atazikwa huko, ila ana nembo za kizamani mashavuni, zile ambazo vijana wa leo wanaziona kwenye vinyago tu. Tangu mashambulizi yaanze Cabo Delgado, Msumbiji, mwaka 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya, huku kwetu, kuvamiwa Oktoba 2020, ukaguzi kwenye barabara za kuelekea mto Ruvuma, mpakani, umekuwa mkali, na sioni ubaya wake. Kwenye kizuizi kimoja askari akapanda basini. Kijana mpole, akamwamkia shangazi kabisa: "Shikamoo bibi. Naomba kitambulisho." Akakitazama mbele na nyuma, akamuuliza amezaliwa wapi, baba yake alizikwa wapi, akamrudishia, akashuka. Basi zima, aliyeulizwa ni yeye. Tulipoondoka shangazi akasema, "Mwanangu, kila safari." Halafu akanyamaza mpaka tulipofika.

Ukimuuliza askari yule kama anawachukia Wamakonde atashangaa, pengine ni mmoja wao. Ameambiwa aangalie wanaotoka ng'ambo, na nembo ndiyo alama pekee inayoonekana kutoka mlangoni mwa basi. Hakuna mwenye hatia, na bado kila safari anaulizwa mtu yuleyule. Macpherson alikuwa anazungumzia kitu cha namna hiyo.

Sasa neno lenyewe likawa ugomvi. Machi 2023, Baroness Louise Casey, aliyepewa kazi ya kuchunguza polisi wa London baada ya askari wao kumteka na kumuua mwanamke aitwaye Sarah Everard, aliandika kwamba ubaguzi wa kitaasisi bado upo, pamoja na chuki dhidi ya wanawake na mashoga. Mkuu wa polisi, Mark Rowley, akakubali matatizo yote yaliyoorodheshwa, akakataa neno "kitaasisi". Alisema neno hilo kila mtu ana maana yake na limeshageuzwa la kisiasa. Wengine walimwona mjanja. Mimi namwona kama mume anayekubali alichelewa kurudi, akala kwa jirani, akasahau pesa ya matumizi, ila anakataa kuitwa mume mbaya. Anaogopa jina, maana jina halifutiki kwa kurekebisha kosa moja moja.

Upande wa pili wa sarafu

Rudi kwa yule Mzungu wa bendera. Tarehe 29 Julai 2024, mjini Southport, kijana alivamia darasa la watoto la kucheza dansi akaua wasichana watatu kwa kisu. Jina lake halikutangazwa mara moja, na ndani ya saa chache mitandao ikajaza pengo: ni Mwislamu, mhamiaji wa majuzi. Uongo. Alizaliwa Cardiff, wazazi wake wametoka Rwanda. Lakini uongo ulishapanda basi. Misikiti ikashambuliwa, na hoteli moja huko Rotherham waliyohifadhiwa waomba hifadhi ikajaribiwa kuchomwa moto watu wakiwa ndani. Zaidi ya watu elfu moja wakakamatwa, mahakama zikahukumu haraka haraka, wengine kwa maneno waliyoandika mitandaoni. Hapo ndipo "madaraja mawili" ikawa wimbo wa taifa, na Elon Musk, tajiri wa mtandao wa X, akaiongezea spika kwa kumwita Waziri Mkuu Keir Starmer kwa jina la utani lenye maana hiyohiyo. Hoja yao: mwaka 2020 waandamanaji waliokasirishwa na kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, waliachiwa, askari wengine wakawapigia hadi magoti. Sisi tunaletewa mbwa.

Kamati ya Bunge ya Mambo ya Ndani ilipima jambo hili na Aprili 2025 ikasema haikuona ushahidi wa madaraja mawili. Ukali ulilingana na vurugu, si na siasa za waliofanya vurugu. Naona kamati ilikuwa sahihi. Ukitaka kulinganisha, linganisha gunia na gunia: maandamano na maandamano, uchomaji moto na uchomaji moto. Mashabiki wa mpira tunalijua hili, ila kwa timu ya wenzetu tu. Timu yetu ikipata kadi nne na wageni moja, refa kanunuliwa, hatuhesabu nani alicheza rafu ngapi.

Lakini ningeishia hapo ningekuwa nimekulaghai, maana kuna sababu wimbo ule uliwaingia watu wasio wahuni. Jina la sababu hiyo ni Rotherham, mji uleule. Mwaka 2014 Profesa Alexis Jay alitoa ripoti kwamba kati ya 1997 na 2013 watoto wapatao 1,400 walinyanyaswa kingono mjini humo na magenge ambayo wengi wao walitajwa kuwa wanaume wenye asili ya Pakistani. Mabinti walikuja polisi, wakaonekana watoto watukutu. Baadhi ya watumishi walieleza kwamba waliogopa kutaja asili ya watuhumiwa wasije wakaitwa wabaguzi. Juni 2025 Casey, yuleyule wa polisi wa London, alichunguza magenge kama hayo nchi nzima akakuta kwamba katika theluthi mbili ya watuhumiwa, sehemu ya kuandika asili imeachwa tupu.

Tazama hilo pengo. Wasichana wale, wengi wao weupe na wa familia duni, waliangushwa na daftari lisilojazwa. Mtu mweusi wa Brixton aliangushwa na daftari ambalo, kabla ya 1984, sheria haikulilazimisha. Casey ndiye aliyesema polisi wa London wana ubaguzi wa kitaasisi, na ndiye huyohuyo aliyesema woga wa kuitwa mbaguzi umewafumba watu macho. Kila kambi inamnukuu nusu yake.

Na "sawa" yenyewe ni ipi?

Chini kabisa ya ugomvi kuna neno dogo. Machi 2025 wakuu wa polisi wa Uingereza walitoa ahadi yao ya kupinga ubaguzi wa rangi, na ndani yake wakasema kutenda haki hakuna maana ya kumtendea kila mtu vilevile. Upinzani ukawaka: kumbe mnakiri! Mwezi huohuo baraza linalotoa miongozo ya hukumu lilitaka mahakimu, kabla ya kumhukumu mtu wa makundi fulani, wakiwemo wa jamii za wachache, kwa kawaida waagize kwanza ripoti ya maisha yake. Sababu yao ni kwamba kwa baadhi ya makosa, hasa ya dawa za kulevya, watu hao wamekuwa wakipewa adhabu nzito kuliko weupe. Robert Jenrick, wakati huo wa Conservative, akaita hiyo haki ya madaraja mawili. Waziri wa Sheria wa wakati huo, Shabana Mahmood wa chama cha Labour, mwenye asili ya Pakistani mwenyewe, akakubaliana naye kwamba mbele ya sheria hapana kutofautisha. Juni 2025 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia.

Hapa Waingereza wanajiona wamegundua tatizo jipya, kumbe sisi tunalo limelala kwenye Katiba. Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara hiyohiyo inafafanua kubagua, ikitaja kabila, mahali mtu alipotoka, rangi, dini, jinsia, kisha mkiani inaongeza kwamba neno hilo lisichukuliwe kuizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Sawa mbili, ibara moja. Kipimo kimoja kwa wote, na ruhusa ya kuinua aliyezama. Viti maalumu vya wanawake bungeni vinasimama kwenye mantiki ya hiyo ya pili, na wapo wanaovipigia kelele kwa kutumia hiyo ya kwanza.

Maoni yangu, kwa sababu umenivumilia mpaka hapa: barabarani na kituoni nataka sawa ya kwanza, kavu kabisa. Dalili ileile, mkono uleule. Sawa ya pili naitaka ofisini, kwa wanaokagua madaftari, waone nani anaulizwa kila safari na wabadilishe maagizo, si wamwachie askari wa usiku apime mizani ya historia kwa kurunzi. Kuhusu ripoti za kabla ya hukumu, ningetaka kila mshtakiwa apate, basi. Mwenzangu mmoja mwanasheria ananiambia hiyo ni ndoto ya mtu asiyelipa mishahara.

Wiki iliyofuata nilirudi kijiweni na kumweleza kijana wa bodaboda haya yote, kwa ufupi zaidi. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Na lile gunia la shemeji yako liliandikwa wapi?" Nikasema sijui kama liliandikwa. Akawauliza waliokaa: nani amewahi kupekuliwa akaandikiwa sababu? Tulikuwa watano. Mmoja akasema ana karatasi, akachomoa, kumbe ya faini.

"Mimi hapa naandika wote," akasema muuza kahawa, akapiga kofi daftari lake la madeni.

Yule mzee wa kashata akalivuta, akavaa miwani, akafunua ukurasa. "Mbona jina langu limejaa hivi?"

"Unakunywa sana, mzee wangu."

"Au unanitazama sana?"

Muuza kahawa akafikiri kidogo, akamimina kikombe kingine, akakiandika.